Ngozi ya Ng'ombe wa Bulugu

Msinieleze habari za ujasiri. Siku wakaguzi wa kaya maskini walipokuja hapa Nemba, mimi Adelfina, bibi mzima, nilitetemeka mpaka nikamwaga uji.

Kisa ni ng'ombe, tena si wangu. Mzee Bulugu, Msukuma wa kitongoji cha pili, alinikabidhi nimtunzie kwa desturi yao: maziwa na mbolea ni vyangu, ng'ombe na ndama ni mali yake. Ng'ombe akifa, nampelekea mzee ngozi ajue sikumuuza. Maziwa hayo ndiyo yanayomlisha mjukuu wangu Scola, mwenye selimundu. Lakini nauli ya kumpeleka kliniki inatoka kwenye ruzuku ya maskini, na mwenye ng'ombe haipati. Jirani yangu Secilia waliondoa jina lake kwa sababu ya ng'ombe wa watu, vivi hivi.

Basi nikamficha ng'ombe nyuma ya nyumba, nikamfunga kwenye mihogo michungu. Hata mtoto hapa anajua majani yale ni sumu kwa ng'ombe. Hofu haina akili, jamani.

Mkaguzi aliyefika kwangu alikuwa kijana mpole, Rogasian. "Shikamoo bibi. Una mifugo?"

"Marahaba. Sina."

Akatazama zizi. Akaandika, akapanda pikipiki yake. Nilipokimbilia shambani, ng'ombe alikuwa amevimba, povu mdomoni, amekwisha kufa.

Secilia akanisaidia kuchuna. Nikajitwika ngozi, maana nisipoipeleka nitaitwa mwizi. Naingia uani kwa Bulugu, namkuta Rogasian ameketi, anamhoji mzee.

Nilitaka kurudi, ila wote wawili walishaniona. Nikaitua ngozi.

"Mzee, ng'ombe wako kafa. Nilimficha ili huyu kijana asimwone."

Bulugu akaipapasa ngozi, akakubali kwa kichwa. Rogasian ndiye aliyeinamisha uso.

"Ungeniambia ni wa kutunza, bibi, bado ningeandika una ng'ombe. Hapa kwenye fomu pana mwenye ng'ombe na asiye naye, basi. Sasa huna kweli. Lakini aliyedanganya anaondolewa. Kanuni sikuitunga mimi."

"Na mtoto?"

Akafungua fomu yangu, akaandika.

Nilipofika nyumbani, Scola alikuwa mlangoni na kikombe chake, anangoja maziwa. Niliogopa kumkaribia.