Mhubiri Aliyechelewa

Mimi na mama tunasuka wawili kichwa kimoja, yeye kushoto, mimi kulia, tukutane utosini. Mteja akishakaa, kabla chanuo halijagusa nywele, huniuliza, "Dada, unasali wapi?" Mama hunijibia: "Anasali na mimi."

Siku alipokaa muuguzi mmoja, mama akajibu hivyohivyo, nami ulimi ukaniponyoka. "Nilikuwa nasali naye. Siku hizi natafuta."

"Aii! Taratibu, mama," muuguzi akalia. "Hicho ni kichwa, si gunia."

Mama yangu hanuni kwa mdomo, hununa kwa vidole.

Si kwamba simwamini Mungu. Namwamini sana. Kilichonishinda ni kusikia kila wiki kanisani nani ataungua motoni. Kila kundi likitajwa, mimi naona kichwa ninachokijua: yule mwenye kovu kisogoni, yule anayesinzia tukimsuka, yule aliyenyonyoka nywele kwa mawazo na bado anatuchekesha. Nimeshika vichwa vya dini zote, na joto lake ni moja. Nikajaribu kwingine. Mahali pamoja waliimba hadi nikatokwa na machozi, kisha kipaza sauti kikaanza kugawa moto. Mahali pengine walinifundisha kuvuta pumzi niache kuwaza. Nilikaa pale nikiwaza namna ya kuacha kuwaza.

"Kwetu hakuna anayehubiri," muuguzi akasema. "Tunakaa kimya. Mwenye neno atasema, asiye nalo atapumzika."

Mama akaangua kicheko. "Kimya? Huyu? Huyu mtaa mzima unamwita Chiriku! Hata usingizini anaongea."

Nilikwenda. Ni chumba cha kupanga juu ya duka la vifaa vya ujenzi, viti vya plastiki vimepangwa duara, dirisha halifungi, harufu ya rangi inapanda na ngazi. Mwanzoni nilihisi nitapasuka. Halafu kitu kikatulia ndani yangu, kama maji ya ndoo ukishaitua. Nilikuwa mbele za Mungu, na hakuna mtu aliyekuwa akisengenywa. Nilijua nimefika.

Likabaki la mama. Tangu baba atutoke tumebaki wawili, na kusali kwangu kwingine alikuona ni kumhama.

"Nikifa atanizika nani?" alisema. "Hao mabubu?"

"Njoo mara moja tu uone, mama. Ukisema niache, nitaacha."

Nilisema kweli. Nisingeweza kukaa mle kimya huku najua yeye yuko nyumbani analia.

"Apa."

"Kule hatuapi, mama."

"Ona! Hata kuapa hawawezi!"

Alikuja na gauni lake la sherehe, mkoba kifuani kama anaingia sokoni kwenye wezi. Akakaa karibu na mlango. Watu wakanyamaza. Mama akatazama mlango. Akatazama saa ya ukutani. Akanitazama mimi, nikatazama sakafu. Kimya kikazidi kuwa kimya. Ndipo mama, kwa sauti ambayo yeye huiita mnong'ono, akasema:

"Jamani, mhubiri wenu kachelewa mno. Hakuna mwenye namba yake ya simu?"

Nilitamani sakafu inimeze, rangi na saruji zote za chini zinifunike. Mzee mmoja, fundi saa, mabega yakaanza kumtikisika. Kisha chumba kizima kikavunjika mbavu.

Muuguzi akajifuta macho. "Mama, na sisi tunamsubiri huyohuyo."

Mama akamkodolea macho. Kisha akauweka mkoba chini, akavua viatu. "Basi tumsubiri," akasema, akafumba macho.

Hakuwa amelala. Mama akilala, majirani wanajua.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika kwenye safu ya wauza viatu, akasimama.

"Mimi kwetu sihami. Siachi nyimbo zangu kwa ajili ya viti vya plastiki."

"Sikusema uhame, mama."

"Nyamaza. Si ndiyo dini yenu?" Akacheka mwenyewe, kisha sauti ikashuka. "Nimemuwaza baba yako mle. Usinitolee macho, nimemuwaza tu. Kwetu kuna kelele nzuri, lakini sijawahi kumuwaza mpaka mwisho."

Nikamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimelegea.

"Nenda kwenye kimya chako," akasema. "Ila mimi huwa unaniombea?"

"Kila mara."

"Vipi?"

"Moyoni."

"Ya moyoni mimi nitayajuaje? Nataka nijisikie nikitajwa. Sasa hivi."

"Hapa, mama? Barabarani?"

"Mungu wenu anaogopa vumbi?"

Basi nikafumba macho katikati ya ndala na raba, nikasema kwa sauti, "Mungu, nakushukuru kwa mama yangu. Mpe afya."

"Na goti," mama akanong'ona, mnong'ono wake uleule.

"Na goti lake."

"La kulia. Asije akalitibu la kushoto."

"La kulia. Amina."

"AMINA!"

Wauza viatu wote wakageuka. Mmoja akaja mbio na kiatu kimoja mkononi. "Mama, kuna nini?"

"Naombewa," mama akamjibu. "Panga foleni."