Trekta Lenye Tetekuwanga

Fundi Kioo aliitwa hivyo kwa sababu gari likitoka mkononi mwake ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama kwenye mlango wake. Ndivyo wateja walivyosema, na yeye hakuwakatalia. Kwa hiyo alipomaliza kupuliza rangi nyekundu kwenye boneti la trekta la mama mkwe wake, akarudi nyuma kidogo alitazame kwa raha, hakuwa tayari kabisa kwa alichokiona. Rangi ilikuwa inakimbia. Vishimo vidogo vya duara vilifunguka kimoja baada ya kingine, na ndani ya kila kishimo praima, ile rangi ya kijivu ya chini, ikimchungulia.

Jirani yake, mchomeleaji vyuma, alipita akasimama, akainamisha kichwa kama daktari. "Hii ni tetekuwanga," akasema. "Mpumzishe, asiende shule."

Lingekuwa trekta la mtu baki, Kioo angecheka. Lakini hili lilikuwa la marehemu baba mkwe. Lilikaa bandani nyuma ya nyumba waliyoishi wote watatu, Kioo, mkewe na mama mkwe, tangu mwenyewe afariki, na sasa mama mkwe alitaka lirudi shambani na sura yake ya zamani. Alimpa Kioo kazi hiyo kwa njia yake ya kawaida, yaani hakumpa yeye. Alimwambia binti yake, na binti akamwambia mumewe. Tangu harusi, mkwe na mkwe walisalimiana kwa adabu, macho chini, na maneno mengine yote yakapitia kwa mke. Kioo aliamini mama huyu hamtaki. Siku ya posa alikuwa ameuliza mbele ya watu kama kupaka magari rangi ni kazi ya kumweka mtu maisha yake yote, na swali hilo lilimkaa Kioo kooni kama mwiba wa samaki. Trekta ndilo lingekuwa jibu lake. Jibu lenyewe sasa lilikuwa limetoka vipele.

Akaisubiri rangi ikauke sawasawa, maana rangi ya mafuta ukiipiga msasa ikiwa bado laini hujiviringisha kama uchafu wa mwilini. Akaiparuza yote, akapangusa kwa thina ya kuondolea uchafu jioni, akapuliza tena asubuhi kukiwa hakuna upepo. Vishimo vikarudi, tena vingi zaidi.

Hapo hasira ikampungua, ikaingia hamu ya kujua. Fundi akishafika hapo humpati tena, si kwa chakula wala kwa salamu. Mchomeleaji aliapa kwamba ni maji kwenye kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo. Kioo akafungua kizibo cha chini ya tangi, yakatoka matone machache yenye kutu, akalikausha tangi lote, na hali ikabaki vilevile. Akaishuku thina, akanunua nyingine. Mwishowe akachukua kipande cha bati, akakisafisha, akakipulizia rangi ileile kwa bunduki ileile ya kupulizia. Bati likang'aa bila doa. Basi rangi haikuwa na kosa, na bunduki haikuwa na kosa. Kulikuwa na kitu kwenye trekta lenyewe.

Akalizunguka taratibu, mikono nyuma. Kwenye rimu hapakuwa na kishimo hata kimoja. Kwenye madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, vilijaa. Boneti lilijaa pande zote mbili, lakini katikati, juu kabisa, palikuwa na mkanda laini usio na kasoro. Jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyotaka kukiri, kwa sababu ugonjwa unaochagua mahali una mwenyewe.

Akaparuza tena, akapangusa tena jioni. Asubuhi, kabla ya kugusa rangi, alichota maji safi akayanyunyiza kwenye boneti. Chuma kikiwa safi, maji hutandaa. Kikiwa na mafuta, maji hujikunyata. Kwenye ule mkanda wa juu maji yalitandaa. Chini yake yalijikusanya matone matone, tena kwa mipinde iliyopangana, njia ya mkono unaokwenda na kurudi. Mtu alikuwa amepangusa baada yake.

Mipinde ilipanda hadi kimo fulani ikakoma. Kioo akanyoosha mkono wake, ukapita mbali. Mke wake alimzidi yeye kwa urefu, na watu walishalisema hilo harusini mpaka wakachoka. Nyumbani hapo alibaki mtu mmoja tu, anayepanda kigoda kufikia sukari. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, ila nguo ikiwa ya mama mkwe huikung'uti hovyo.

Akatafuta, akakuta chini ya kiti cha dereva kitambaa kilichokunjwa vizuri na kopo la dawa ya kung'arishia dashibodi. Kopo alilileta yeye mwenyewe nyumbani, la kung'arishia kabati. Tone moja la dawa ile linatosha kuifukuza rangi. Kwanza aliumia sana, akadhani anahujumiwa. Kisha akakitazama kile kitambaa. Mhujumu hakunji kitambaa pembe kwa pembe.

Angeweza kumtuma mkewe. Lakini ujumbe ungefika vipi? Mume wangu anasema wewe ndiye unayeharibu? Mficha uchi hazai, akajiambia, akapiga moyo konde, akaenda hadi mlango wa jikoni. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele.

"Shikamoo, mama. Naomba kukuuliza kuhusu kitambaa hiki."

"Marahaba. Ni changu," alisema, bila kuficha. "Usiku vumbi linatua. Napangusa alfajiri, ukija ukute pako safi. Natumia dawa yako ile ya kifundi. Haitoshi?"

"Inatosha kupita kiasi, mama." Akamweleza jinsi rangi inavyoyakimbia mafuta yale. Vidole vya mama vikasimama ndani ya mchele.

"Kwa hiyo vipele vile ni mimi."

"Ni mafuta, mama."

"Mafuta hayana mikono. Nikiona unarudia, nasema mtoto wa watu anahangaika, basi naongeza dawa." Akatupa pembeni kijiwe alichokitoa kwenye mchele. "Ningekuuliza. Ila wewe huongei na mimi tangu siku ile ya posa."

"Uliuliza kama kazi yangu ni kazi, mama."

"Niliuliza kwa sababu sikujua. Marehemu alijua trekta, mimi najua shamba, rangi hakuna aliyeijua humu. Nilitaka unieleze. Ukatazama chini, na mimi nikaona haya kuuliza tena."

Kioo alisimama pale na miaka yake yote ya majibu makali aliyoyaandaa bila kuyasema, na hakuna hata moja lililomfaa mtu aliyetaka kujua tu. Aliona aibu, na chini ya aibu akaona furaha.

"Njoo uone, mama," akasema.

Alikuja. Alipangusa kwa thina mwenyewe, akiuliza kwa nini inanuka hivyo, kwa nini inapoza mkono, kwa nini usirudishe kitambaa ulipokwishapita. Kioo alijibu yote. Kisha akapuliza, nao wakasimama bega kwa bega wakiinamia boneti, hawapumui. Rangi ikatandaa, ikatulia, ikakaa.

Mama mkwe hakusifu. Alizunguka hadi upande wa pili, akachuchumaa, akatazama kwa muda.

"Hapa chini umepasahau, mwanangu."

Kioo akapiga magoti kando yake, akapuliza alipoonyeshwa.