Sanduku la Bekoe

Mashine ya kukuna mihogo ilizima tena dakika ya saba, kama jana, kama juzi.

"Bekoe kakasirika," alisema Selorm, keshafika mlangoni. Msingi alioumwaga yeye ungebeba tembo, lakini mbele ya sanduku la umeme hakuwa na ubavu.

"Alipokuwa hai ulimlia kenkey yake kila mchana," Dufie alimwambia. "Sasa kazikwa ndipo unamwogopa?"

Walicheka, kicheko kikawafia.

Walimu wangefika saa nane kuikagua. Mashine isipokuna nusu saa mfululizo, Dufie angerudia mwaka, na mama yake kule Techiman keshanunua kitambaa cha kente cha mahafali. Chuo kiliwachanganya watatu, Dufie wa mitambo, Bekoe wa umeme na Selorm wa ujenzi, wafanye kazi moja. Wao wakagawana kama warithi wa shamba: kila mtu na kipande chake, sahihi yake juu, mwenzako asiguse. Sahihi ya Bekoe bado iling'aa kwenye sanduku.

Dufie alichomoa plagi, akampa Selorm aishike. Akagonga sanduku. "Hodi, kaka."

Ndani, waya mwembamba usiokuwemo kwenye mchoro ulishuka hadi kwenye beringi ya Dufie, chuma kinachoushika mhimili unaozunguka, ukaishia na kipima joto. Kwenye kifuniko, mwandiko wa Bekoe ule ule wa kuku: *Dada Mashine, beringi yako ndogo, inaungua. Ukibisha tena, nitaizima mashine mwenyewe.*

Aliigusa beringi. Ikamuunguza. Alikumbuka alivyomjibu Bekoe siku ile: "Wewe cheza na nyaya zako."

"Ukate huo waya," Selorm alinong'ona. "Nusu saa tu, nani atajua?"

Dufie akainua koleo. Taa ya kijani sandukuni ikawaka.

"Selorm, acha utani. Umechomeka?"

"Plagi hii hapa mkononi, dada."

Koleo likaanguka.

Saa nane mashine ikawashwa. Dakika ya saba ikazima. Dokta Ofosuhene, mmoja wa walimu, akainama, akasoma sahihi. "Marehemu. Basi kosa ni la umeme. Pole zenu, naweza kulifumbia macho."

Mlango ulikuwa wazi hivyo. Ilibaki Dufie kupita tu. Baridi ikamwingia shingoni, kama mtu anapumua nyuma yake.

"Hapana, Dokta. Umeme ndio pekee uliofanya kazi. Beringi ni yangu, na nilionywa."

Dokta akafunga daftari lake. "Basi tuonane mwakani."

Walimu walipotoka, Selorm alichomoa plagi. Taa ya kijani iliendelea kuwaka kidogo, halafu ikazimika taratibu.