Kugawanya kwa Tatu

"Nimekukosea nini, Domina, mpaka unitenge?"

Mama aliisukuma sahani hadi katikati ya mkeka. Ugali wake, maini yake na mchicha wake, vyote nilikuwa nimevipima kwa kikombe. Raheli, mdogo wangu, akaangalia pembeni. Kwetu Mamboya, anayetengewa sahani ni mgeni, au mgonjwa wa kuogopwa, au mtu aliyegombana na wenzake, na mama hakuwa mgeni.

Lakini mimi nilitaka kujua anakula kiasi gani. Miezi miwili kabla ya hapo, daktari wa Kilosa alikuwa amekataa kumpasua mama uvimbe wa tumboni mpaka damu ipande. Nikaomba ruhusa kazini Mikumi, ninakotunza stoo ya nyumba ya wageni, nikaja na silaha yangu: daftari la kwenye simu, lile ninaloandikia mchele na mafuta. Uzuri wake, unalipanga utakavyo. Nikafuta safu za stoo, nikaweka za madini ya chuma, protini na vitamini. Vyakula vilivyokuja na programu vilikuwa vya nchi za wenyewe, vingine hata sijui vinaliwaje. Nikavitoa vyote, nikaingiza mlenda, kisamvu, dagaa na maharage. Nikaongeza hata safu ya chai, maana nesi alituonya kuwa chai juu ya chakula huzuia chuma kuingia mwilini.

Kila mlo niliandika alichokipika mama, nikagawanya kwa tatu, kwa kuwa tulikuwa watatu kwenye sinia moja la ugali na bakuli moja la mboga. Ndivyo stoo ilivyonifundisha. Simu ikachora mstari wa kijani: mama anapata chuma cha kutosha. Nilijivuna kama niliyekwisha kumponya. Tukarudi Kilosa kupima. Damu ilikuwa palepale.

Niliogopa, nikalala na hofu hiyo na kuamka nayo. Lakini pamoja na hofu, swali moja lilikuwa likinisumbua: chakula kimetoka jikoni, bakuli limerudi tupu, sasa chuma kimekwenda wapi? Raheli alidai simu ni mbovu. Mimi nikaanza kutazama mikono.

Haikuwa rahisi kuliona jambo lenyewe, kwa sababu mkono wa mama haukukaa bure. Ulimega, ukafinyanga, ukachovya, ukaenda mdomoni sawa na mikono yetu. Ila ulichovya mchuzi tu. Vipande vya maini ulikuwa ukivisukuma polepole, kimoja upande wa Raheli, kingine upande wangu. Hakuwa akificha. Nadhani hata yeye mwenyewe alishaacha kuliona.

Ndipo nikamtengea sahani, naye akaisukuma. Siku hizi, uvimbe ukiwa umeshatolewa, huisimulia siku hiyo kwa wageni na kucheka. Wakati ule hakuna aliyecheka.

"Sijui kula peke yangu," alisema, safari hii kwa upole. "Chakula hakishuki."

Nikaurudisha ugali wake siniani na maini yake bakulini. Kisha, bila kupanga na mtu, nikamega tonge, nikachovya mchuzi tu. Raheli akanitazama, akaelewa, naye akachovya mchuzi. Mama akasukuma kipande upande wangu. Nikakirudisha. Akakisukuma kwa Raheli. Kikarudi. Ugali ukaisha, maini yakabaki yote katikati, yanapoa.

"Haya, na haya nani atayala?" mama akauliza.

Moyo uliniuma, na papo hapo nilitaka kucheka. Mama akachukua kipande, akakigeuzageuza, akakitia mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena, uso ukamkunjamana.

"Kumbe huwa nayakausha hivi?" akasema. "Miaka yote hii mnatafuna soli ya kiatu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia!"

Akachukua kingine.