Presha ya Kina Anani

Kwa mwaka wa saba mfululizo Stamen alibandika getini karatasi ya kifo cha mkewe, na kwa mwaka wa saba alihakikisha mchapaji ameweka maneno yale yale chini ya picha: VERKA, MIAKA 48, ALIUAWA NA UZEMBE WA WAKUBWA. Kijijini Gorno Belevo kila geti lina karatasi zake, za arobaini, za mwaka, za miaka kumi, zinakaa mpaka mvua izimalize. Lakini za wengine husema tu kwamba marehemu anakumbukwa na waliobaki. Ya Stamen ilishtaki.

"Umeipinda, baba," alisema binti yake Zlatina, aliyefika asubuhi hiyo kutoka mjini na bakuli la ngano ya kuchemsha ya kupeleka kaburini. "Mama angesema umelewa."

"Mama yako angesema mengi kama wangemwacha hai."

Wakubwa hao walikuwa wawili. Wa kwanza ni mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa matunda ya cheri, aliyempandisha Verka kwenye ngazi kuukuu wakati wa mavuno. Verka akaanguka, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika, na kesi ilikuwa bado inaburutwa mahakamani. Wa pili ni yule bwana wa wilayani aliyefunga zahanati ya kijiji. Aliondoa daktari, akaondoa muuguzi, na mafaili ya wagonjwa yakapakiwa kwenye lori yasionekane tena. Hilo la wilayani lilikuwa kweli tupu, na Mungu ndiye atakayemuuliza. Hilo la ngazi Stamen alikuwa amelisema mara nyingi mno, hata siku nyingine akalisadiki.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya Daktari Mateva, mwanamke kijana aliyepewa vijiji sita na chumba kimoja cha shule isiyo na wanafunzi. Kwa kuwa hakuachiwa hata faili moja, alibuni njia yake: alipita kijijini akisoma mageti. Nani kafa, akiwa na miaka mingapi, wa nyumba gani. Watu walimcheka. Bi Tsona wa ng'ambo ya barabara alimpa jina la Kunguru.

"Kunguru huyo anakuja!" Tsona alipiga kelele kutoka kwenye benchi lake. "Stamen, jifiche, asije akakuchagua!"

Daktari alisimama getini, akasoma karatasi mpya, kisha zile zilizofifia pembeni yake. "Anani, hamsini na miwili. Kiril, arobaini na sita. Verka, arobaini na minane. Ni watu wa damu moja hawa?"

"Baba mkwe wangu, na shemeji yangu."

"Walikufa kwa nini, mzee Stamen?"

"Anani kwa hasira, siku walipouza matrekta ya kijiji. Kiril kwa pombe, rakia. Na Verka imeandikwa hapo, au siku hizi udaktari mnasomea kwa kuangalia picha?"

Daktari hakukasirika. Alikuwa anamtazama Zlatina, aliyeegemea nguzo huku kiganja kikiwa kwenye paji la uso. "Dada, kichwa kinauma?"

"Jua tu."

Alimpima presha pale pale, kwenye benchi la Tsona. Mara ya kwanza, mia na tisini na tano kwa mia na kumi na tano. Akasubiri, akapima tena. Haikushuka. Tsona akajifanyia ishara ya msalaba.

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na mitatu."

"Presha ya namna hii kwa umri wako, lazima niulize ukoo. Kuna watu wanazaliwa na vinasaba vinavyofanya figo zing'ang'anie chumvi na mishipa ijikaze. Si kimoja, ni vingi, na kila kimoja kinasukuma kidogo. Unavirithi kama ulivyorithi pua. Kuwa navyo si hukumu ya kifo. Ila mwenye ukoo wa hivyo namfuata kwa kiboko: dawa kila siku, maisha yote, hata kichwa kikiwa chepesi kama pamba. Kwenu kuna aliyekufa kwa kiharusi?"

Zlatina alicheka. "Kwetu tunakufa kwa wakubwa, daktari. Si ndiyo, baba?"

Stamen ndiye aliyekuwa ameshika ile ngazi. Miaka saba alikuwa anajua alichokiona kutoka chini: mdomo wa Verka ukienda upande, mkono wa kulia ukiachia ndoo, cheri zikimwagika kichwani pake. "Stamen, kichwa changu," alisema kwa ulimi mzito, ndipo akaanguka. Ngazi haikutikisika. Hospitali waliupasua mwili, na cheti chao kilisema damu ilivuja ubongoni kwa presha ya muda mrefu. Lakini mwenyekiti alikuja na maneno hayo hayo hata kabla ya mazishi, amevaa tai, "pole sana, ni presha yake tu," kwa namna ya mtu anayefuta meza. Stamen akaapa kwamba mtu huyo hatatoka hivi hivi. Cheti akakificha ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati. Na Zlatina, aliyekuwa kazini mbali siku ile, akaambiwa habari ya ngazi, akaishika.

"Ndiyo," alisema Stamen. "Huyu kanifuata mimi. Kwetu watu wanafika tisini."

Daktari alimtazama kidogo, akaandika kwenye daftari lake: ukoo, hakuna. Akampa Zlatina dawa, akamwambia arudi.

Zlatina alizimeza wiki tatu. Kichwa kikapoa, akaziacha. "Dawa za vizee hizo," alimwambia baba yake kwenye simu. "Mimi si nimekufuata wewe? Nitakuzika na bado nitacheza harusi ya Nevena." Nevena ni bintiye, wa miaka kumi na mmoja.

"Zimeze tu," alisema Stamen.

"Kwa nini?"

Maneno yalimfika mdomoni. Lakini kesi ilikuwa imepangiwa Desemba, na Zlatina akijua, wakili wa ushirika naye atajua. Baada ya Desemba, alijiambia. Baada ya Desemba nitamwambia kila kitu. "Daktari kasema," alijibu, na wakaongea habari za pilipili.

Novemba Zlatina alikuja kumsaidia kuloweka kabichi za msimu wa baridi kwenye pipa la chumvi. Alikuwa mwekundu shingoni, anavuta pumzi kwa taabu. Alipasua kabichi, akajaza chumvi kwenye mashina, kila mara akikata kipande cha jibini ya maji ya chumvi na kukitupia mdomoni. Kisha akang'oa jani moja baridi, akalifunga kwenye paji la uso kwa kitambaa. Verka alikuwa akifanya hivyo hivyo. Alifanya hivyo asubuhi ile ya ngazi.

Stamen aliingia ndani, akarudi na cheti.

"Weka kisu, mwanangu. Soma."

Alisoma akiwa amesimama, vidole vikidondosha maji ya chumvi kwenye karatasi. "Hii ya lini?"

"Ya mwaka ule ule."

"Na babu? Na mjomba Kiril?"

"Wote. Kiril alianguka chooni akiwa hajagusa hata tone."

"Kunguru aliuliza mbele yako." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Aliuliza, baba. Ukasema nafika tisini."

"Nilitaka wale walipe."

"Wale nani? Wale nani, baba? Mwenyekiti atakufa kitandani kwake, mjinga wewe! Nani anayelipa hapa?"

Zlatina alikitupa cheti juu ya pipa.

"Nipeleke mjini. Sasa hivi."

Alichukua koti, akaingiza mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukawa hauoni njia. Alijaribu mara mbili, akautazama kama mkono wa mtu mwingine, akacheka kidogo. "Baba, mkono huu," alisema, na yaliyofuata hayakuwa maneno tena.

Gari la wagonjwa lilichukua dakika hamsini. Siku nyingine Stamen angewatukana wilaya nzima. Alikaa sakafuni ameshika kichwa cha binti yake mapajani, asipate hata tusi moja.

Hospitalini waliuliza ukoo. Alitaja wote, mmoja mmoja, na umri wao.

"Mlikuwa mnajua?" daktari wa zamu aliuliza.

"Yeye hakujua. Nilijua mimi."

"Ana watoto?"

"Msichana mmoja."

"Aletwe apimwe. Na kila mwaka, msikose."

Nevena aliletwa na baba yake mzazi wiki ya tatu. Zlatina alikuwa hai. Upande wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi haukurudi, lakini akili ilikuwa mule mule machoni. Muuguzi alimfunga mtoto mkanda wa presha pembeni ya kitanda, wote wakasikiliza hewa ikitoka. "Kwa sasa iko sawa," alisema muuguzi. "Kwa sasa."

Stamen alisogeza kiti karibu. Alitamani binti yake amtukane, neno moja tu. Zlatina alimvuta Nevena kifuani kwa mkono wa kushoto, akamshikilia hapo kwa muda mrefu. Kisha akauinua mkono huo huo, akamwonyesha baba yake mlango.

Stamen alichukua kofia yake, akatoka.