Prudence wa Nyuma ya Ukuta

Masera wa Kamenge, watawa wa Kikatoliki wa hapa Bujumbura, hawakuwa wale wa kufundisha shule wala wa kudunga watu sindano. Wao walijifungia, kazi yao kusali tu. Ukiwapelekea kitu, unakiweka ndani ya kabati la mbao lililojengwa ukutani, unalizungusha, na mkono usiouona unakipokea. Consolate, jirani yangu wa zamani, alikuwa na mtoto mmoja, Prudence, na huyo huyo akaingia humo. Tangu hapo mama yake akawa anasikia sauti tu.

Mwaka ule wa 1995, vita vilipowaka na watu wakaanza kukimbia Kamenge, nilimficha Consolate kwangu Buyenzi, mtaa wa Waislamu. Mume wangu Azzan, aliyekuwa wa bandarini, akampatia nafasi kwenye boti ya mizigo ya Kigoma, ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Consolate akakataa.

"Bila mutoto wangu, apana."

Yeye, kwa kabila lake, asingepita kwenye vizuizi vya askari. Sisi Waislamu bado tulipita. Nikajifunga mtandio wangu, nikaenda kwa masera.

"Prudence," nikaita kwenye kabati, "ni mi, Siti. Mama yako anakungoja. Boti inaondoka kesho."

Sauti yake ikajibu kutoka nyuma ya mbao:

"Mama Mkuu ametuambia mulango uko wazi, mwenye kutaka aende. Mi sitaki, Mama Siti. Tuko na wazee humu, hawatembei. Mwambie mama aende, nitamuombea safari."

"We mutoto, unajua kichwa kigumu cha mama yako."

"Najua. Si ndicho alichonipa?" Akacheka kidogo.

Nikapeleka jibu kama lilivyo. Consolate akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi nami sivuki." Alfajiri hakuwako. Alirudi Kamenge kwa njia za vichochoroni, kwenye nyumba yake karibu na ukuta ule. Risasi zikamkuta uani.

Njia ilipofunguka nikawapelekea masera unga. Nikajitaja, na sijazungusha kabati bado, Prudence akauliza:

"Mama alifika Kigoma?"

"Hakupanda, mwanangu. Alirudi kwenu. Tumemzika."



"Nani alimuosha?"

"Mi na dada yangu Asiya. Rozari yake tulimuachia mukononi."

Kengele ya sala ikalia. Masera wale kengele ikilia huacha hata neno katikati, wanaenda. Nikatega sikio nisikie viatu vyake. Havikusogea. Wenzake wakaanza kuimba huko ndani, na yeye bado yuko pale nyuma ya mbao, anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikamngoja.