Sauti Iliyofungwa kwenye Disketi

Mashine ilikuwa inaonyesha kwamba Cédric anaongea. Sekunde zilitembea kwenye kioo cha kompyuta, kijistari kikasogea polepole kwenda kulia, na mtoto alikuwa mle ndani akisema maneno yake yote, lakini hakuna sikio lililoyapata. Isidore aliinama mpaka shavu likagusa spika. Kimya. Hata mkwaruzo hakuna. Kijistari kikafika mwisho, kikarudi mwanzo na kutulia, kama mtu aliyekwisha kukueleza jambo na sasa anakutazama akingoja jibu.

"Mashine ya mavi," akasema Isidore.

"Papa Cédric, kaka yako anasikia," mkewe Godelive akamwambia kutoka jikoni.

"Asikie!"

Mushagalusa, kaka mkubwa wa Isidore, alikuwa ameketi sebuleni na koti lake zito, miguu ameinyoosha. Alikuwa ameshuka kutoka Kabare kuja kumaliza jambo, na si mtu wa kurudi na jambo mkononi.

"Nasikia vizuri," akasema. "Ile yenye siisikie ni mutoto. Isidore, mudogo wangu, samedi batu banakuya. Kasiksi inaiva. Hauwezi kuambia kasiksi ingoje ordinateur."

Kasiksi ile, pombe ya ndizi, ilikuwa ya matanga ya Jumamosi. Matanga yenyewe yalikuwa ya Cédric.

Kijana huyo, mzaliwa wao wa kwanza, alichukuliwa na wanajeshi akitoka shuleni, na tangu siku hiyo miaka miwili ilikuwa imepita bila habari. Wengine walisema alikufa vitani, mstari wa mbele, huko Kasai. Wengine walisema alitoroka. Ukoo ulingoja, ukachoka. Mushagalusa akaamua wazike shina la mgomba mahali pa mwili, kama walivyomfanyia ndugu yao aliyepotelea machimboni Shabunda, ili nyumba ipumue na wadogo zake Cédric waache kuishi kama watu walioshika pumzi. Godelive hakutaka hata kusikia. Kwake, mtu akishaliliwa njia yake ya kurudi imefungwa, na atakayeifunga ni yule aliyelia.

Ndipo akapita mtawa mmoja aliyetoka Zambia, akaacha disketi nyeusi yenye jina la Cédric kwa mwandiko wasioujua.

"Mimi sikumwona kwa macho," mtawa alisema. "Nimepewa na mwenzangu aliyemrekodi. Anaeleza namna alivyotoroka. Msiifungulie kwenye ofisi za watu."

Hayo ya mwisho hayakuhitaji maelezo. Kompyuta zilikuwepo mjini, pale Ibanda, lakini kila kompyuta ilikuwa na watu nyuma yake, na kila mtu alikuwa na shemeji anayekula na wanajeshi. Mtoro akitajwa, baba yake hulala ndani. Kwa hiyo disketi ilikuwa ya kusikilizwa nyumbani, Nguba, kwenye mashine ya Isidore, au isisikilizwe kabisa.

Na mashine ya Isidore ilikuwa na Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta asioujua.

Haikuwa hiari yake. Wazungu wa shirika alikokuwa karani walipokimbia, walimwachia kompyuta moja, imeoza kwa virusi. Mwenzake wa kazini, Gracien, ndiye aliyeifuta na kuiwekea hiyo Linux. "Haina virusi, haina bei, na haivunjiki," alisema, akafurahi kama mtu aliyeoa. Kisha vita vikamsukuma akakimbilia Lwiro kwa wakwe zake, akamwacha Isidore na mashine mithili ya mtu anayekuachia mgonjwa bila kukutajia ugonjwa.

Isidore hakuwa mjinga. Alipiga taipu tangu ujana wake bila kutazama vidole. Lakini hii ilimdhalilisha. Siku ya disketi aliisukuma mle ndani, akangoja, na hakuna kilichotokea. Ile herufi A inayoonyesha disketi, aliyoizoea ofisini, haikuwepo. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Hakuna kitu. Akaandika swali kwenye kipande cha karatasi na kumpa Martine, mwanamke aliyekuwa akiuza maharagwe kati ya Katana na Bukavu, naye akapita barabara ile ya vizuizi mpaka Lwiro. Siku ya soko iliyofuata akaleta jibu la Gracien limekunjwa ndani ya gunia: disketi kwenye Linux haijitokezi yenyewe, lazima uiamuru iingie, na kabla ya kuitoa uiamuru itoke. Amri zenyewe hizi hapa.

"Yani naomba ruhusa ya kutumia disketi yangu," Isidore alinung'unika. Lakini alifanya, na jina likatokea kwenye kioo: cedric. Godelive alifuta mkono kwenye kitenge chake, akaligusa lile jina kwa kidole kimoja, akarudi jikoni.

Ikabaki sauti. Gracien akaandika kwamba kadi ya sauti haina pilote. Pilote ni programu ndogo inayoifundisha mashine kuongea na kipande fulani cha mwili wake. Bila hiyo, kadi ipo na mashine haijui kama ipo. Jibu lile lilianza hivi: *Swali la kwanza: baffle iko na courant? Batoni yake ya sauti iko wazi? La pili: fungua sanduku, usome namba zenye ziko juu ya kadi.*

La kwanza lilimchoma. Baffle, yaani spika, kama ina umeme! Alizishika zote mbili, akazungusha kile kibatoni kidogo kilicho ubavuni mwa ile ya kulia. Kilikuwa wazi mpaka mwisho, na taa inawaka. "Ananifanya mutoto wa maternelle, mwenye hajue hata kusoma," akasema, akaenda kutafuta bisibisi.

Kuanzia hapo alitaabika. Namba alizisoma kwa lenzi ya miwani ya Godelive. Aliziandika mahali Gracien alipomwelekeza, mashine ikakataa. Akauliza, Martine akabeba. Jibu likaja: kadi inagombania mlango na kitu kingine ndani ya mashine, ihamishe. Akaihamisha. Mashine ikakubali, ikaandika kwamba pilote imeingia na kadi inajulikana. Isidore akapiga makofi peke yake. Akacheza faili. Kimya. Akaondoa pilote, akairudisha. Kimya. Akatumia nyingine. Mashine ikamtukana kwa Kiingereza. Akarudia ya kwanza, ikaandika tena kwa upole kwamba kila kitu ni sawa. Huo upole ndio uliomtia wazimu. Kitu kilichoharibika kikikwambia kimeharibika, unakiheshimu. Hiki kilisema ni kizima na hakisemi kitu.

Katikati ya hayo umeme ulikatika utakavyo, kama kawaida ya mji. Ukikatika tu, Godelive alizunguka nyumba nzima kama anayefungia kuku: pasi, redio, jiko, kila kimoja anakigusa. Isidore alibaki mbele ya kioo cheusi akitukana bwawa la Ruzizi na mababu wa waliolijenga.

Siku ya Jumatano ile, kaka yake akiwa sebuleni, alikuwa amekwisha kutuma swali la mwisho. Aliliandika kwa hasira: *Nimefanya yote. Kadi inajulikana. Pilote iko ndani. Sekunde zinatembea. Sauti haiko. Samedi wanamlilia mtoto wangu. Niambie nifanye nini, ao uniambie haiwezekani.*

Alhamisi Martine hakutokea. Ijumaa hakutokea. Ijumaa hiyo Mushagalusa alileta shina la mgomba, akaliegemeza ukutani nje, limefungwa shuka jeupe. Godelive alipita mbele ya shina hilo mara nyingi akienda kuchota maji na hakugeuza shingo hata mara moja.

Jumamosi asubuhi watu walianza kuingia. Madumu ya kasiksi yakapangwa chini ya dirisha. Isidore alikuwa chumbani na mashine yake, ndevu zimemwota, bado anaandika amri. Mushagalusa akasimama mlangoni.

"Inatosha sasa. Batu bako inje, weye unabakia na sanduku."

"Yaya, mukubwa wangu, iko muzima. Anaongea mu hii kitu."

"Nani anamusikia?"

"Sekunde zinatembea!"

"Hata saa yangu inatembea," Mushagalusa akasema. "Haina mutoto ndani."

Watu walioko nje wakacheka, kisha wakajutia kucheka kwao. Na hapo ndipo Martine alipoingia uani, bila gunia, jicho moja limevimba na kufumba.

"Balinisimamisha pa kizuizi ya Kavumu," akasema kabla hajaulizwa. "Mwanajeshi moja akakuta karatasi ya ule bwana yako wa Lwiro. Akasoma, hakuelewa kitu, akasema ni siri ya vita. Nikamwambia ni mambo ya ordinateur, akanipiga. Maharagwe yote bakabeba. Karatasi tu njo bakanirudishia, juu karatasi hailiwake." Akamtupia Isidore kile kikaratasi kupitia dirishani. "Papa Cédric, hii ni ya mwisho. Utafute njiwa."

"Aksanti, Mama. Pole. Pole sana."

"Soma tu. Nataka nijue niliumia juu ya nini."

Isidore akakifungua. Akakisoma kwa sauti, kwa ghadhabu: "*Rudilia tangu swali ya kwanza. Hata kama ulishaka kujibu. Baffle iko na courant? Batoni yake iko wazi?*" Akakikunja na kukibamiza mezani. "Mwanamuke anapigwa macho juu ya hii! Nilishaka kuangalia batoni! Siku ya kwanza! Na hii mukono!"

"Batoni gani?" Godelive akauliza. Alikuwa amefika mlangoni, nyuma ya shemeji yake.

"Ya baffle! Hii ya kuongeza sauti!"

"Ile ya pembeni?"

"Njo ile!"

"Ile nafungaka," akasema Godelive.

Isidore akageuka taratibu kwenye kiti. "Unafungaka."

"Kila mara courant ikikatika. Na redio pia. Haukumbuke jirani? Courant ilirudi hawako, redio ikapiga kelele mu nyumba peke yake, ba soldats bakasikia, bakabeba mupaka matela ya kulalia. Hizo baffle yako, ile semaine ya kwanza, courant iliporudia zilipiga *bum!* mupaka ku barabara. Nikasema hapana. Tangu siku ile nafungaka."

Isidore alimtazama mkewe. Alifikiria sanduku alilolifungua na kulifunga, namba alizosoma kwa lenzi, Martine kwenye barabara ya Katana, jicho la Martine. Kilimjia kilio cha hasira ambacho angekitoa kwa sauti kubwa kama kungekuwa na mtu wa kukitupia. Lakini nani? Kibatoni kilikuwa wazi siku aliyokiangalia. Hilo lilikuwa kweli. Siku hiyo pilote ndiyo ilikosekana. Pilote ilipopatikana, kibatoni kilikuwa kimefungwa. Na aliyekifunga alikuwa analinda nyumba.

"Nyinyi mabwana na mabibi," Martine akasema kutoka uani, "mukimaliza kuangaliana, mufungue."

Isidore akanyoosha mkono ubavuni mwa spika na kuzungusha. Akapiga amri. Kijistari kikaanza safari.

Kwanza kilikuja kikohozi. Kisha: "Inashika? Naongea sasa? ... Papa, maman, yambo. Ni miye."

Godelive akaketi chini pale pale alipokuwa amesimama.

"Niko muzima. Niko na njaa kidogo, lakini kila mutu huku iko na njaa. Nilitoroka na bengine, tulitembea mu pori. Nitaeleza. Papa, najua umekasirika juu ya kitu fulani, sijue ni nini, lakini najua."

Nje mtu akapaza kicheko. Mushagalusa alikuwa amesimama vilevile, uso mgumu. "Sauti ya bijana inafananaka," akasema, lakini polepole.

"Na tonton Mushagalusa kama iko hapo," ikaendelea ile sauti, "umuulize kama bado anaiba pa muchezo ya dame. Anasukumaka kete na mukono ya koti, anafikiri batu habaone."

Macho yote yakamwendea Mushagalusa, na kutoka usoni yakashuka hadi mikono mirefu ya koti lake. "Mutoto mubaya huyu," akasema, na machozi yakamwagika bila ruhusa yake. "Mutoto mubaya kabisa. Yeye njo alikuwa anaiba."

"Maman," ikasema sauti, "miye nataka kukuambia weye kitu. Usi..."

Umeme ukakatika.

Kioo kikawa cheusi. Watu wakaguna kwa pamoja, kama watu waliovutiwa mkeka chini yao. Isidore akapiga meza kwa ngumi, akapiga tena.

Godelive aliinuka. Mkono wake ulikwenda ubavuni mwa spika wenyewe, kwa mazoea, vidole vikakishika kibatoni. Vikabaki pale. Kisha akavitoa na kuvikunja ndani ya kitenge. Pasi na redio hakuzigusa.

Mushagalusa alitoka nje. Walimsikia akilifungua lile shina la mgomba, shuka akalitupa juu ya kamba, shina lenyewe akawasukumia mbuzi wa jirani kwa mguu. Kisha akafungua dumu la kwanza. Martine akapewa kibuyu kabla ya wote, na wakaanza kuchanga maharagwe ya kumlipa yale yaliyoporwa, palepale uani, kila mtu akiahidi kikombe.

Ndani, wawili wakangoja. Mchana ulisogea. Godelive alivuta kiti, akakiweka mbele ya spika, karibu mpaka magoti yakaigusa.

"Usi-nini?" akauliza. "Usilie? Usikuje?"

"Sijue, Mama Cédric."

Umeme ukarudi. Spika zikapiga *bum!* lililotetemesha dirisha, likasikika barabarani, na watu uani wakaganda na vibuyu hewani. Godelive hakusogea. Mashine ikawaka, lakini haikurudi pale ilipoachia. Ikaanza kuandika mistari myeupe kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, taratibu.

"Inafanya nini tena?"

"Ilizimika vibaya. Lazima iangalie disque yake yote ya ndani kwanza."

"Itaangalia mupaka wapi?"

"Mupaka imalize," akasema Isidore, meno ameyakaza.

"Iangalie tu," akasema Godelive. "Siendi fasi yoyote."